Mikate Yetu ya Mchana na Majina Yake

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu siku ya maadhimisho, kabla ya chakula cha mchana



Kamati ilipotutaka tuseme maneno machache katika siku hii, ilituachia hiari ya kuchagua mada. Wapo waliotarajia tuzungumzie biashara, maana ndiyo kazi iliyotuzeesha. Tumechagua kuzungumzia chakula cha mchana na majina ya mikate. Twajua kwamba harufu inayotoka jikoni inatushinda kwa ufasaha, kwa hiyo tutajitahidi tusiwe warefu. Hata hivyo, liko jina moja la mkate ambalo limetukaa moyoni kwa miaka kadhaa, nasi tumeona kwamba tukilinyamazia leo hatutapata siku njema zaidi ya kulitamka. Tutalifikia.

Tunaposema "sisi", tunazisemea familia zenye asili ya Gujarat zilizofungua maduka Karagwe, pamoja na ile sehemu ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa. Familia hizo leo zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sisi wenyewe tulizaliwa nyuma ya duka, Kayanga. Elimu yetu ni ya sekondari. Mengine yote tulifundishwa na kaunta, mizani na wateja.

Uhusiano wa watu wa Gujarat na Karagwe una umri mkubwa kuliko maduka yetu. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, njia ile ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wafanyabiashara kutoka Pwani, Waarabu kwa Wahindi. Mmoja wa Wahindi hao aliitwa Musa Mzuri, mtu wa Surat aliyefanya makao yake Kaze, karibu na Tabora ya leo, na biashara yake ilifika Karagwe. Wazee wetu wa maduka walikuja baadaye sana, wakiuza nguo, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Walipofungua mizigo yao walikuta nchi yenye chakula chake, isiyongoja mkate wa mtu.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni hana budi kulielewa. Kwa Mnyambo, kama ilivyo kwa jirani yake Mhaya, mlo ni ndizi. Ndizi zilizopikwa na maharage, zikafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka zikalainika, hicho ndicho chakula. Mtu aweza kula skonzi mbili, andazi na chai ya maziwa, kisha ukimwuliza akakujibu kwa dhati kabisa kwamba tangu asubuhi hajala. Mkate ni kitafunwa, ni cha kusindikiza chai na kumtuliza mtoto anayelia. Ndiyo sababu mama lishe wa Nkwenda au Isingiro hakuulizi kama utakula ndizi. Hukuuliza tu utaziteremsha na nini.

Lakini kazi hubadilisha saa, na saa hubadilisha mlo. Kijana wa bodaboda hawezi kurudi nyumbani mchana kungoja chungu kiive. Fundi aliye juu ya paa hawezi, wala mwanafunzi aliyepanga chumba mjini. Hao ndio waliompa chapati cheo chake. Chapati mbili na kikombe cha maharage kilichomiminwa juu yake umekuwa mlo wa mchana wa watu wengi, kuanzia Omurushaka hadi mpakani Murongo. Mtu huagiza kwa maneno mawili tu, "chapati maharage", na muuzaji huelewa kwamba aliyeagiza ana haraka.

Sasa vukeni nasi Mto Kagera hapo Murongo, mfike Kikagati upande wa Uganda. Chapati ni ile ile na maharage ni yale yale, ila chapati imekatwakatwa vipande ikachanganywa na maharage, na jina lake ni kikomando. Ikikunjwa pamoja na yai lililokaangwa kwa nyanya na kabichi huitwa rolex, neno lililozaliwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyokunjwa. Vibanda vya Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, viliipatia sifa kubwa, na sasa imekwisha kuvuka mto kuja kwetu bila kupitia forodha. Siku moja tulimwomba kijana mmoja wa Murongo atukunjie ya kwetu bila yai, kwa sababu ya dini yetu. Alitutazama kwa huruma akasema, "Mzee, rolex bila yai ni saa bila mishale." Tuliila hivyo hivyo, na njaa ilikwenda kwa wakati wake.

Mkisafiri mbali zaidi, majina huzidi kubadilika. Nairobi chapati hufupishwa ikawa chapo. Unguja na Pemba huitwa mkate wa kusukuma, jina linalotaja kazi ya mikono badala ya nchi ulikotoka. Zile nyembamba za kumiminwa, ambazo bara tunaziita chapati za maji, visiwani ni mikate ya maji. Huko huko Zanzibar mtasikia mkate wa ajemi, ukikumbusha Uajemi. Mkate wa boflo, ambao ni mkate wa kuokwa wa kila siku. Na mkate wa chila, jina ambalo masikio ya Mhindi hulipokea kama sauti ya jamaa. Andazi la kwetu lina ndugu yake Mombasa, hamri, linalotiwa tui la nazi na iliki na kuliwa pamoja na mbaazi. Nako Kinshasa ukiomba "mikate" utaletewa vidonge vya unga vilivyokaangwa kwa mafuta, ambavyo sisi tusingeviita mkate hata tungekuwa na njaa ya siku tatu.

Na sisi je? Majirani wengi hudhani kwamba chapati ndicho chakula cha kila siku cha Mgujarati. Neno chapati kweli limetoka Bara Hindi, lakini ile ya Afrika Mashariki, inayopakwa mafuta, ikazungushwa kama kata ya kubebea maji na kusukumwa tena ili ifanye tabaka, imezaliwa upya hapa. Nyumbani kwetu mkate wa kila siku ni rotli: mwembamba, usio na mafuta ndani, unaochomwa juu ya chuma kikavu mpaka uvimbe kama mpira, kisha ukapakwa samli kidogo. Mkulima wa Saurashtra hula rotlo, mkate mnene wa uwele, wenye rangi ya udongo. Uwele huo ni nafaka ile ile inayolimwa Dodoma na Singida. Kwa hiyo Mgogo na babu zetu walikuwa wakila nafaka moja bila kujuana. Kwa safari tunatengeneza thepla, inayokandwa kwa majani ya uwatu na manjano, ambayo hukaa siku kadhaa bila kuharibika.

Thepla hiyo ndiyo iliyokuwa chakula chetu cha shuleni. Wenzetu waliita chapati ya kijani. Wao walikuja na gonja ya kuchoma iliyofungwa katika jani, au karanga za kuchemsha, na kwenye mapumziko kulikuwa na soko chini ya mti: thepla moja kwa gonja moja, nusu ya thepla kwa gao la karanga. Hakuna aliyetufundisha bei hizo, na hatukumbuki mtoto hata mmoja aliyekataa kula kwa sababu ya mkono uliopika.

Mtoto wa siku hizi hubeba sandwichi. Nalo hilo ni jina la kuazima. Sandwich ni mji mdogo wa Uingereza, na mkate ulipewa jina hilo kwa ajili ya bwana mmoja wa karne ya 18 aliyekuwa na cheo chenye jina la mji huo. Mumbai wameuchukua wakaujaza viazi vya kuchemsha, matango, nyanya na chatne ya kotmiri. Mandvi, katika nchi ya Kutch, wana dabeli, maana yake kilichoshindiliwa: mkate mdogo wa mviringo unaoshindiliwa viazi vyenye viungo na karanga. Hata neno "pav", ambalo Mumbai huuita mkate wa aina hiyo, limetokana na neno la Wareno la mkate. Kwa hiyo tusigombee hati ya kumiliki mkate. Kila aliyeula ameuachia neno.

Ndugu zetu, hadi hapa tumezungumza kama watalii. Sasa tuje nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia nchi yetu katika eneo la kaskazini ya Mto Kagera, sisi tulikuwa vijana, tumemaliza shule karibuni. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kusaidia jeshi, kama ilivyopasa wakati wa vita, na bidhaa zikaacha kupanda kuja Karagwe. Rafu za duka zikabaki na viberiti na kamba. Unga wa ngano ulikwisha kabisa. Bibi yetu, tuliyemwita Ba, mjane aliyeshika sheria za dini kwa ukali, alikuwa akiishi kwa chai na ndizi mbivu, kwa maana hakuwa tayari kugusa chakula kilichopikwa katika chungu kilichowahi kupikiwa nyama.

Siku ya nne au ya tano mama mmoja jirani yetu aliingia kwa mlango wa nyuma, amebeba chungu kichwani. Ndani mlikuwa na ndizi na maharage. Akamwambia mama yetu kwa sauti ndogo, "Mwambie bibi chungu hiki ni kipya. Nimekinunua jana. Hakijaona nyama, wala mwiko wake." Ba alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akanawa mikono, akala. Alipomaliza aliuliza chakula kile kinaitwaje, akalirudia jina kwa lugha ya Kinyambo mpaka wajukuu tukacheka. Mama yule alituletea chungu hicho mpaka barabara zilipofunguka.

Tumesimulia kisa hiki mara nyingi katika karamu zetu, na kila mara tumekimalizia hapo, watu wakafurahi. Leo tutaendelea mbele kidogo.

Kati ya duka letu na nyumba palikuwa na pazia la buluu. Saa saba mchana mlango wa mbele ulirudishwa nusu, nasi tukaenda nyuma ya pazia kula. Alikuwapo mtu mmoja aliyepanga mizigo na kupima chumvi na sukari katika duka la baba yetu kwa miaka 22. Wakati huo alikaa barazani juu ya gunia, akila ndizi zake zilizopoa, au skonzi na chai aliyonunua kwa fedha tuliyompa. Tulidhani tumemtendea haki, maana fedha ya chai hatukuikosesha hata siku moja. Harufu ya rotli na samli ilipita chini ya pazia. Yeye hakupita.

Vita vilipokwisha pazia halikuondolewa. Liliongezewa sababu. Miaka ile ya mwanzo wa 1980 unga wa ngano ulikuwa adimu, na mwaka 1983 ilipoanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, mwenye duka aliyeonekana akila mkate wa ngano mchana kweupe aliogopa kuulizwa ameupata wapi. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 hofu hiyo iliondoka, lakini pazia tulikwisha kulizoea. Basi pazia lilikuwa na nyuzi mbili, uzi wa dini na uzi wa hofu. Zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja tuliyomweleza mtu yule aliyekaa barazani.

Miaka kadhaa iliyopita alifariki dunia, nasi tukaenda msibani. Mwanawe, ambaye sasa anauza chapati Omurushaka, alitupokea kwa heshima, akatuketisha, akatupa chai. Katika mazungumzo alisema, bila uchungu wowote, kwamba walipokuwa watoto baba yao alikuwa akiwasimulia habari za mkate wa pazia. Wao walidhani ni aina ya mkate, kama zilivyo chapati za maji au mkate wa slesi. Wakamwuliza, "Baba, mkate wa pazia hupikwaje?" Akawajibu, "Sijui, wanangu. Mimi ninaujua kwa harufu."

Hilo ndilo jina tulilosema tutalifikia. Tumewatajia mkate wa kusukuma, mkate wa maji, boflo na kikomando. Hayo mtayakuta kwa kila mwuzaji. Jina la mkate wa pazia lilitungwa Kayanga, katika baraza la duka letu, na aliyelitunga alikuwa na kila haki ya kulitunga. Kikombe cha chai kilipoa mkononi mwetu, nasi hatukupata la kusema. Tulipokuwa njiani kurudi tulikumbuka chungu kipya. Mama yule, ambaye hakupata kuingia hekaluni, alizijua sheria za chakula chetu, akazigharamia kwa fedha yake wakati wa njaa. Sisi kwa miaka 22 hatukumwuliza mtu aliyetufungulia duka kila asubuhi kama angependa kuonja rotli.

Tunajua baadhi ya wazee wetu hawatafurahi kusikia mambo haya mbele ya wageni. Tunawaomba radhi, lakini wageni hawa wayajua tangu zamani. Wasiokuwa wakiyajua ni sisi.

Kwa hiyo tuna ombi kwa kamati. Hekalu lina jiko kubwa, masufuria, mikeka na kisima. Kwa sehemu kubwa ya mwaka vyombo hivyo hukaa vimefunikwa, vikingoja Diwali. Tunaomba kwamba kila mwezi, siku ya mwezi mpevu, jiko lifunguliwe kwa chakula cha mchana cha watu wote: waumini, majirani, wapagazi wa sokoni, vijana wa bodaboda na wanafunzi. Chakula kiwe ndizi na maharage, rotli na kachumbari. Kipikwe na akina mama wa hekalu pamoja na akina mama wa mtaa, na waliaji wakae safu moja juu ya mikeka, tajiri kando ya mtu wake wa kazi.

Litaulizwa swali la usafi wa jiko, na ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba sheria za jiko ziandikwe kwa Kiswahili chepesi na kutundikwa mlangoni: humu hamwingii nyama, samaki, mayai wala pombe. Majirani zetu wanaelewa miiko. Kila nyumba ina yake. Mama wa chungu kipya hakuhitaji hata kuandikiwa.

Litaulizwa swali la gharama. Duka letu litatoa unga, maharage na mafuta ya miezi 12 ya mwanzo. Tumekwisha kuliandika ahadi hilo na kulikabidhi kwa mweka hazina, ili uzee usije ukatusahaulisha. Ndizi hatuahidi, kwa sababu majirani wametuonya kwamba mwenye mgomba hanunuliwi ndizi na mgeni, na wao ndio watakaozileta.

Litaulizwa pia kama hayo yatafidia yaliyopita. Hayatafidia. Aliyestahili kula nasi amelala kaburini, na rotli haipelekwi huko. Lakini watoto wake wapo, na watoto wetu wapo, na wao bado hawajaufahamu mkate wa mwenzao kwa harufu tu.

Tunamalizia. Yule kijana wa Omurushaka yuko nasi leo. Amekuja na kikaango chake, na tangu asubuhi yumo jikoni pamoja na dada zetu. Huku wanasukuma rotli, kule anazungusha chapati, na tumesikia wanabishana ni ipi ngumu zaidi. Mtakapopita mbele ya meza mtaiona mikate yote miwili. Mwembamba, wenye samli, ni rotli. Wenye tabaka ni chapati. Tunawaomba mchukue yote miwili, na mtoto atakayeupa jina jipya asikemewe.

Mama yake kijana huyo, mjane wa mzee wetu, ameketi safu ya mbele. Kabla ya kuandika hotuba hii tulikwenda kwake kumwomba ruhusa ya kuyasimulia haya, naye aliitoa kwa sharti moja, kwamba tusiseme kwa muda mrefu watu wakiwa na njaa. Tumelivunja sharti hilo kidogo. Mama, utusamehe. Tunaiomba kamati impakulie yeye kwanza.

Jai Shri Krishna. Karibuni chakula.